Miguu Niliyoiacha Gozo

Kama umeyashika maandishi haya kwa sababu miguu yako inakufa ganzi na bado hujamwambia mtu, yaweke chini. Mwambie aliye karibu nawe sasa hivi, hata kama ni mtu usiyeelewana naye, hata kama kuna shughuli na nyumba imejaa wageni. Ukishafika hospitali utapata muda wa kusoma mpaka uchoke, maana huko kazi kubwa ni kungoja.

Wewe usiye na haraka, kaa tuzungumze. Naitwa Raya. Nimezaliwa Unguja, nikaja London nikiwa na miaka kumi na tisa, nikapokewa na Mama Mdogo Zakia, mdogo wake mama yangu, katika nyumba yake ya kupanga hapa Kilburn. Kwake ndiko nilikoolewa, na kwake ndiko nilikokaa arubaini ya uzazi. Kazi yangu ilikuwa kutunza wazee katika makao yao. Mambo ya mapovu ya hewa kwenye damu sitakueleza, daktari atakueleza, tena kwa picha. Mimi nitasema yale ambayo daktari hayaoni, kwa kuwa yeye huja, hutazama faili, huondoka.

Nianze na lile lenye aibu. Mimi mtu wa kisiwani sikujua kuogelea mpaka nilipotimiza miaka thelathini na mbili, nikajifunza kwenye bwawa la halmashauri, saa ya wanawake peke yao. Kwetu msichana aliyeshuka pwani alikwenda kuchota mchanga wa kusugulia masufuria, basi. Doreen, mwenzangu wa kazini, Mwairishi mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, ndiye aliyenitoa bwawani akanitia kwenye kuzamia na mitungi ya hewa. Tulifundishwa kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji baridi, nje ya jiji. Mara ya kwanza nilipovuta pumzi chini ya maji nilitaka kulia kwa raha. Hakuna aliyeweza kuniita kule. Hakuna mzee aliyetaka kupelekwa chooni, hakuna mtoto aliyetaka soksi.

Mume wangu Salum, dereva wa basi, alinung'unika wiki mbili kisha akakubali. Mama Mdogo sikumwambia. Alikuwa na maradhi ya moyo na ulimi mkali, na vyote viwili nilivihofia. Kwa hiyo Oktoba ile, katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa nakwenda na Doreen kuzamia Gozo, kisiwa kidogo cha Malta, nilimwambia nakwenda kozi ya kazi. Alikuwa ametoka hospitali wiki iliyotangulia, na daktari alisema yuko salama.

"Nenda kasome," aliniambia. "Lakini mimi nikifa, utanikosha wewe. Usinitie mikononi mwa watu nisiowajua, Raya. Mwili wangu sitaki wautazame."

Alikuwa akisema hivyo kila Ijumaa, kwa miaka. Nikamwitikia kama kawaida yangu, huku natafuta begi.

Gozo ni jiwe tupu juu na jiwe tupu chini. Majabali yanateremka wima baharini kama ukuta wa ghorofa, na ndani yake mna mapango ambayo ukiingia kisha ukageuka, unaiona bahari yote ya buluu imesimama mlangoni. Chewa wakubwa walikaa kwenye nyufa wakitutazama kwa dharau. Nilimkuta pweza kwenye tundu lake, na mimi niliyekuwa nikimjua pweza kwenye mchuzi wa nazi tu, nikakaa mbele yake mpaka Karmenu, kiongozi wetu, akanigonga begani na kunionyesha saa. Siku ya nne asubuhi tulizama mara mbili, mara ya kwanza mita thelathini na kitu. Tulitoka majini kabla ya adhuhuri. Nilikuwa navua suti ya mpira pale kwenye mawe, mwanamke mwenye nyumba tuliyofikia akaja mbio. Nilitakiwa nipige simu London.

"Mama Naila," Salum alisema, "Mama Mdogo katutoka. Alfajiri ya leo."

Nikamuuliza wanazika lini.

"Wanazika kesho baada ya adhuhuri. Bi Tatu anauliza, utawahi, au watafute mtu mwengine wa kumkosha?"

Bi Tatu alikuwa ndiye mkubwa wa wanawake wetu pale Kilburn, mpanga misiba na harusi zote.

"Nitawahi," nilisema.

Karmenu alisimama mbele ya begi langu. Akaniambia nilichokuwa nakijua: aliyezamia hapandi ndege mpaka zipite saa ishirini na nne, la sivyo hewa aliyoivuta chini humfanyia mapovu kwenye damu. Mimi nilikuwa nimetoka majini saa moja iliyopita, na ndege ilikuwa ya jioni ile. "Unacheza na uti wa mgongo wako," alisema. "Wapigie simu wakungoje." Kwao maiti hukaa juma zima na maua yake. Nikamwambia kwetu maiti hangojeshwi. Doreen alilia, akanishika mkono mpaka kwenye kivuko. Nilimwona mjinga. Kichwani mwangu mlikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni Mama Mdogo amelala juu ya kitanda cha kuoshea, watu asiowajua wanamfunua.

Ndani ya ndege bega la kushoto lilianza kuuma, maumivu ya ndani kabisa, kama jino. Tumbo likawasha. Nilipokwenda chooni na kuinua blauzi niliona madoa ya zambarau yamesambaa kwenye ngozi. Nataka hili lieleweke vizuri: nilijua. Dalili zile nilifundishwa, nikafanyiwa mtihani, nikapasi. Nikashusha blauzi nikarudi kukaa.

Asubuhi yake, katika chumba cha kuoshea maiti cha msikitini, nilimkosha Mama Mdogo kama alivyotaka. Bi Tatu alimwaga maji, mimi nikapitisha mkono chini ya kitambaa. Tulimgeuza ubavu, upande wa kulia kwanza. Nyayo zangu zilikuwa zinachomachoma kama nimesimama juu ya mchanga wa moto, nikajikaza kisabuni. Sikumwangusha, wala hakuna aliyemtazama. Hilo mpaka leo silijutii, na mtu asinilazimishe.

Lililonimaliza lilikuja baadaye. Wanaume wakaenda makaburini, wanawake tukarudi nyumbani kwa marehemu, tukakaa chini juu ya mikeka, tumebanana, tunasoma. Wanaume walipotoka makaburini walikaa nyumba ya jirani, upande wao. Siku ile nzima sikumwona Salum. Mwanangu Naila, wa miaka kumi na moja, alikuwa kwa rafiki yake wa shule.

Mchana miguu ikafa ganzi. Nani asiyekufa ganzi msibani? Kila mtu pale alikuwa akinyoosha mguu na kuusugua. Kisha likaja la pili: tumboni nikahisi nimefungwa mkanda, na kuna mtu anaukaza. Nilipoinuka kwenda chooni mguu wa kushoto ulinifuata nyuma kama si wangu. Nikakaa chooni nikingoja mkojo. Nilifungua bomba ili sauti ya maji inisaidie. Haukuja.

Hapo ningesema maneno sita tu. Nilikuwa nazamia, niitieni gari ya wagonjwa. Lakini kila mama aliyeingia alikuwa akipokewa na Bi Tatu kwa maneno yale yale: "Huyu Raya kaacha kozi ya kazi, karuka na ndege kuja kumkosha mama yake. Watoto kama hawa wako wapi siku hizi?" Na wao wananishika kichwa, wananiombea. Niseme nini? Niseme nilikuwa nachezea pweza saa ile anakata roho? Nikajiambia kesho patakucha nitakuwa mzima. Nikanyamaza, miguu nayo ikawa inaondoka.

Walinikanda. Bi Tatu mwenyewe alinipaka mafuta ya nazi yaliyosomewa, toka kiunoni mpaka vidoleni, akasema ni huzuni imeshuka miguuni, na mama mwengine akasema ni ubaridi wa maiti. Mikono yao ilikuwa na mapenzi, sina la kuwalaumu. Nililiona dole gumba la Bi Tatu likizama kwenye paja langu, na sikulihisi.

Asubuhi ya pili sikuweza kusimama kabisa. Gari ya wagonjwa ilikuja, Bi Tatu akapanda nami.

Chumba cha kungojea cha hospitali ile kilikuwa na viti vya plastiki vilivyounganishwa, mashine ya chai iliyoharibika na mtoto aliyekuwa anakohoa bila kupumzika. Mimi nililazwa kwenye kitanda cha magurudumu kando ya ukuta, tumbo limejaa mkojo mpaka natoa jasho. Daktari kijana alinichoma pini miguuni, akaniuliza kama nimeanguka, au nimeinua kitu kizito. Bi Tatu alikuwa ameushika mkono wangu.

"Nimemwinua maiti," nilisema.

Akaandika. Akaagiza nipigwe picha ya mgongo. Tukangoja picha, kisha tukangoja wa kuisoma. Nesi alinitia mpira wa mkojo, mfuko ukajaa, akaleta mwingine. Alasiri Salum akatokea, bado na kanzu ya msibani, macho mekundu.

"Umewaambia ulikuwa unazamia?" akaniuliza hata kabla ya salamu.

Nikageuza uso ukutani.

"Kuzamia wapi?" Bi Tatu akauliza. "Salum, huyu alikuwa kozini."

Salum alikwisha kugeuka. Alimfuata yule daktari mpaka mwisho wa ukumbi, nikamsikia akipaza sauti kwa Kiingereza, mtu ambaye hata abiria walevi huwa hawapigii kelele. Daktari alirudi akikimbia. Nilikuwa sijawahi kumwona daktari akikimbia kwa ajili yangu. Bi Tatu aliuachia mkono wangu taratibu.

"Yaani mwenzio anakata roho," alisema, "wewe uko baharini unaogelea?"

Ndilo neno nililoliogopa siku moja na nusu, na lilitamkwa, na sikufa kwa kulisikia. Nilikuwa nimeitoa miguu yangu ili nisilisikie. Bi Tatu alivuta ushungi wake, akaondoka, na hatukuonana tena mpaka Ramadhani.

Walinikimbiza kwa gari upande wa pili wa London, kwenye hospitali yenye tangi. Ni tangi la chuma jeupe, refu kama basi dogo, lenye mabenchi ndani na vidirisha vya mviringo. Unafungiwa humo, hewa inasukumwa mpaka mwili uone kama uko mita kumi na nane chini ya bahari, unavalishwa kinyago unavuta oksijeni kwa saa nyingi, kisha unapandishwa polepole, kama nilivyopaswa kupanda siku ile. Lakini sikuweza kuingizwa. Nilinuka nazi. Oksijeni na mafuta vikikutana, cheche moja tu inatosha kuwachoma wote mlio ndani.

Sista Pauline, nesi Mjamaika mwenye mikono mikubwa, alinilaza kwenye meza, akaninyunyizia maji ya uvuguvugu na sabuni. Walinigeuza upande wa kulia, wakanisugua. Wakanigeuza upande wa kushoto. Mguu wangu ukaanguka pembeni, yeye akauokota akaurudisha mahali pake kwa upole. Jana yake nilifanya vile vile, kwa utaratibu ule ule. Nikapiga ukelele, nikamwambia Salum kwa Kiswahili kwamba wananikosha, awazuie, mimi sijafa. Salum alisimama mlangoni akashindwa kuingia. Sista Pauline hakuelewa neno, lakini alianza kuniimbia kitu cha kanisani kwao, taratibu, huku akinisuuza nywele, mpaka nikanyamaza.

Tangi la kwanza lilichukua saa tano. Hewa ikawa ya moto, masikio yakabana, sauti za watu zikawa nyembamba kama za vikaragosi. Nilikuwa nimerudi kule kule chini nilikotoka, ila hapakuwa na chewa wala buluu, palikuwa na skrubu na harufu ya mpira. Niliomba dua zote ninazozijua, na nilipozimaliza nikaanza upya. Nilipotoka niliangalia vidole vya miguu. Nikaviamuru. Vilitulia tu.

Tangu hapo sikuhesabu siku, nilihesabu matangi. Tangi la tatu, bega likapona na mkanda wa tumboni ukalegea. Tangi la tano, nikahisi baridi ya shuka kwenye goti la kulia, nikalia, Salum akalia, Sista Pauline akapiga makofi. Tangi la sita, kidole gumba cha kulia kilijikunja mara moja, mbele ya mashahidi. Usiku ule nilikwisha kununua viatu kichwani. La saba, la nane, la tisa, hakuna.

Kwenye chumba cha kungojea cha tangi nilimpata Mzee Ramji, mwenye duka Kingsbury, mzaliwa wa Mwanza. Yeye bahari aliiona kwenye kalenda tu. Alikuwa na sukari, na kidonda cha mguu kilichokataa kupona, na oksijeni ile ile ilikuwa inajaribu kukiponya. Siku ya kwanza alinisikia nikigombana na Salum, akatia neno.

"Mama, punguza kelele, hapa wote tunasikia Kiswahili."

Nilicheka mara ya kwanza tangu Gozo. Tangu siku ile alikuwa akiniletea gathia, vile vijiti vya unga wa dengu, kwenye mfuko wa karatasi, tunakula kabla ya kunawa mikono na kuingia. "Wewe unaomba mguu uamke, mimi naomba wangu usilale," alikuwa akisema. "Mungu atachanganyikiwa, ajibu mmoja mmoja." Tangi la kumi na moja hakuja. Wala la kumi na mbili. Sista Pauline aliniambia ameshakatwa, chini ya goti. Nilikaa ndani na kinyago usoni, nafasi yake kwenye benchi tupu mbele yangu, nikataka kufa. Nasema kama nilivyohisi. Nilimwomba Mungu anichukue humo humo, ili wasipate hata taabu ya kunibeba. Kama nawe umefika hapo, mwambie nesi. Mimi nilimwambia Sista Pauline tulipotoka, na hakunihubiria. Alivuta kiti akakaa nami mpaka zamu yake ikaisha na nyingine ikaanza.

Baada ya tangi la kumi na nne daktari mkuu, Mwingereza mrefu mwenye sauti ya chini, alisema basi. Mwili umechukua ulichoweza kuchukua. Nilimwomba tangi moja zaidi, kama mtoto anavyoomba pipi. Nikamwomba kwa jina la mama yake. Salum alinishika mabega, ikabidi anishike kwa nguvu.

Baridi ile yote nilikaa hospitali ya mazoezi ya viungo. Nilijifunza kujihamisha toka kitandani mpaka kwenye kiti kwa ubao, kujitia mpira wa mkojo mwenyewe mara tano kwa siku kwa kioo kidogo, na kujikagua vidonda mahali nisipopahisi. Mapaja yalikonda yakawa kama ya mtoto, kitambi kikaota. Kuna siku nilijichafua mbele ya wageni. Kuna siku nilijiunguza kwa chupa ya maji moto nikajua kwa harufu. Majira ya kuchipua nikaweza kusimama kati ya vyuma viwili, hesabu ya ishirini. Mguu wa kulia ulinishika. Wa kushoto ulining'inia.

Wakanirudisha nyumbani, ghorofa ya pili, hakuna lifti. Halmashauri ilituweka kwenye orodha ya nyumba za chini, na orodha ile ni chumba cha kungojea kisicho na viti. Salum alinibeba mgongoni kupanda na kushuka, kabla ya zamu na baada ya zamu. Hakulalamika kwa maneno. Alifunga makabati kwa kishindo. Alijibu kwa "ndiyo" na "sawa". Aliacha kunitazama machoni. Naila ndiye aliyejifunza kumwaga mfuko wa mkojo nilipokuwa na homa. Nilimwambia, "Mwanangu, nisamehe," naye akanijibu kwa Kiingereza chake, bila kuinua macho, kwamba ni mkojo tu, Mum, hata yeye anao. Simu za mama yangu toka Unguja nilikuwa nazipokea nikiwa nimejipamba kwa sauti ya uzima.

Mwaka wa pili tulipata nyumba ya chini. Nikafika mahali ambapo ndipo nilipo hata leo, miaka mingi baadaye: kwa magongo mawili naweza kutoka kitandani hadi jikoni, kupika nikiegemea, kurudi. Nje ni kiti cha magurudumu. Watu waliniambia nishukuru, nikawa nashukuru kwa meno. Salum alizidi kunywea. Siku moja ngazi za msikitini zilitushinda, akaniweka chini katikati ya watu akasema, "Nimechoka kuwa mguu wako, Raya. Nimechoka." Hakuwahi kuniita Raya tangu Naila azaliwe. Nikajua tunakwisha. Na nikaona ana haki, maana makosa ni yangu, nilijua na nikanyamaza.

Miezi michache baadaye tuliitwa kwa daktari mkuu kwa mara ya mwisho, afunge faili. Salum alibaki nje ukumbini, alikuwa haingii tena. Daktari alinigonga magoti kwa kinyundo chake, akaandika, akauliza kama nina swali. Nilikuwa nalo moja, nimelilalia miaka miwili.

"Ningekuja siku ile ile, mchana ule miguu ilipoanza?"

Alivua miwani. Alisema hakuna anayeweza kuapa. Nikamwambia sitaki kiapo, nataka anavyofikiri.

"Nafikiri pengine ungetoka hapa kwa miguu yako," alisema.

Nikaweka magongo mapajani, nikasukuma kiti mwenyewe mpaka ukumbini. Salum alisimama, kofia ya kazi mkononi.

"Kasema nini?"

Ningeweza kusema kasema tumshukuru Mungu. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umekaa vizuri. "Kasema ningesema siku ile mchana, kule msibani, pengine ningetembea," nilimwambia. "Mimi ndiye niliyejifanyia, Baba Naila. Si ndege. Nilinyamaza kwa kuona haya. Ukitaka kuondoka, ondoka, sitakusema kwa watu."

Salum hakuondoka. Aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni na sare yake ya basi, miguu imenyooka mbele, watu wanamruka.

"Nilikuona," alisema.

"Umeona nini?"

"Siku ile. Nilileta birika za chai kwenye mlango wa wanawake. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikakuona unatoka chooni, unauburura mguu. Nilijua, Mama Naila. Si ulinisomesha wewe mwenyewe kile kitabu chenu, ulipokuwa unajiandaa na mtihani? Nikasema niingie nikutoe. Wanawake wamejaa, wamekaa, vichwa wazi wengine. Nikaona haya. Nikaweka birika chini nikarudi kwa wenzangu." Alikuwa anaongea na viatu vyake. "Usiku kucha nilikuwa najiambia, yule ni mtu mzima, lingekuwa baya angeniita."

Nilimtazama yule mwanamume niliyedhani ananichukia, aliyenipandisha ghorofa mbili mgongoni zaidi ya mwaka mzima, amebeba na hilo juu yangu. Nilitaka kumpiga kwa gongo. Kweli nililiinua. Kisha mkono ukaenda wenyewe kichwani kwake, kwenye mvi alizoziota kwa ajili yangu, ukabaki pale.

"Mjinga wee," nilimwambia. "Mjinga mwenzangu."

Akalia kwa sauti, pale sakafuni. Mchukuzi wa hospitali alikuja na kitanda chenye mgonjwa, akatuomba radhi, tumeziba njia. Salum alijaribu kuinuka akashindwa, ganzi imemshika kwa kukaa. Nikafunga breki za kiti, nikamnyooshea mikono miwili, akaishika, nikamvuta mpaka akasimama.